Jinsi ya Kujinasua na Madeni Ukiwa Umejiajiri na Kipato Chako ni Kidogo

Ushauri mwingi unaotolewa kuhusu madeni unamfaa mtu anayepokea mshahara. Mtu huyo anajua ni kiasi gani kitaingia na kitaingia siku gani, kwa hiyo anaweza kuambiwa atenge fungu lilelile kila mwisho wa mwezi mpaka deni liishe. Aliyejiajiri hana siku hiyo. Wiki moja anapata kazi tatu kwa mpigo, wiki mbili zinazofuata hapati hata moja, na fedha inayoingia mkononi mwake ina wenyewe wengi kabla hajaihesabu: inatakiwa inunue malighafi ya kazi ijayo, ilipe pango, ilishe nyumba na imridhishe mkopeshaji anayepiga simu tangu alfajiri. Akijaribu kufuata mpango wa mtu wa mshahara, huufuata kwa mwezi mmoja au miwili, kisha mwezi mkavu unaukatisha, naye hujilaumu kuwa hana nidhamu ilhali kasoro ilikuwa kwenye mpango wenyewe.

Maelezo haya yamejengwa juu ya jambo moja ambalo, kwa maoni yangu, ndilo linalowatenganisha wanaotoka kwenye madeni na wanaozunguka humohumo: deni hulipwa kwa faida, halilipwi kwa mtaji. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, na walisema kweli, lakini mtu aliyejiajiri anapaswa kujiuliza pia kwamba fedha ya kulipia inatoka kwenye fungu lipi.

Nilijifunza hili kwa gharama kubwa. Nilikuwa fundi wa kushona mwenye vyerehani viwili, nikauza kimoja ili nimalize deni lililokuwa likininyima usingizi. Deni liliisha siku hiyohiyo. Msimu wa kazi ulipofika, kazi ambayo mimi na msaidizi wangu tulikuwa tukiimaliza kwa siku nne ikanichukua siku nane, wateja wakahamia kwingine, na kabla ya miezi sita kupita nilikuwa nimekopa tena, safari hii kiasi kikubwa kuliko kile nilichokuwa nimelipa. Ndiyo maana nitaurudia mtaji tena na tena.

(Tarakimu zote zilizomo humu hazina jina la fedha. Zisome kwa fedha unayoitumia, ukizikuza au kuzipunguza kulingana na hali yako.)

Andika madeni yote kabla ya kulipa lolote

Mali bila daftari hupotea bila habari, nalo deni bila daftari huongezeka bila habari. Tafuta saa mbili za utulivu, chukua daftari, na uandike kila deni kwenye mstari wake: unadaiwa na nani, salio la leo ni kiasi gani, riba au ada ni kiasi gani na inahesabiwa vipi, rejesho linatakiwa lini, kuna dhamana gani, nani amekudhamini, na itatokea nini usipolipa. Watu wengi huandika mikopo ya taasisi tu na kuyaacha madeni wanayoyaonea haya. Yaandike yote: fedha uliyoazima kwa ndugu, bidhaa ulizochukua kwa mali kauli, pango lililolimbikizwa, kodi ya serikali ambayo hukuiwasilisha, na hata arbuni uliyopokea kwa mteja ambaye kazi yake hujaianza. Arbuni ya kazi isiyofanyika ni deni kama deni jingine, nayo huuma zaidi kwa sababu asipotendewa haki, mteja huyo hatakuja peke yake kulalamika bali atakuja na sifa yako mbaya.

Usitegemee kumbukumbu yako kuhusu salio. Mwombe kila mkopeshaji taarifa ya maandishi inayoonyesha kiasi kilichokopwa, kilicholipwa, faini zilizoongezwa na kilichobaki. Mara nyingine utagundua malipo ambayo hayakuingizwa, na huo utakuwa mjadala wako wa kwanza naye, ukiwa na risiti mkononi.

Hapa inafaa kukaa kidogo kwenye riba, kwa sababu asilimia iliyoandikwa kwenye tangazo haisemi kila kitu. Chukua mkopo wa 120,000 unaolipwa kwa marejesho 12 ya kila mwezi yaliyo sawa, kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi. Ikiwa riba inahesabiwa kwenye salio linalopungua, utalipa takriban 11,350 kila mwezi, na riba yote itakuwa takriban 16,200. Ikiwa riba inahesabiwa kwenye kiasi cha awali mpaka mwisho, bila kujali kwamba umekwisha kurudisha nusu, utalipa 12,400 kila mwezi, na riba yote itakuwa 28,800. Mikopo hii miwili imetangazwa kwa asilimia ileile, lakini wa pili ni sawa na kukopa kwa karibu asilimia 3.5 kwa mwezi kwenye salio linalopungua. Kwa hiyo usimuulize mkopeshaji asilimia peke yake. Muulize jumla ya fedha yote utakayokuwa umemkabidhi siku ya mwisho, pamoja na ada ya maombi, bima na makato mengine, kisha uandike jumla hiyo kwenye daftari.

Mikopo ya siku chache ndiyo inayoficha bei yake kuliko yote. Ada ya asilimia 10 kwa siku 30 huonekana ndogo kwa sababu kiasi chenyewe ni kidogo. Ukiurudia mkopo huo kila mwezi kwa mwaka mzima utakuwa umelipa ada ya asilimia 120 ya ulichokopa, na bado ulichokopa unadaiwa. Ada hiyo ikiachwa na kuongezwa kwenye deni kila mwezi, deni la 10,000 hufika karibu 31,400 baada ya miezi 12. Deni la namna hii halipaswi kusubiri zamu kwa sababu tu ni dogo.

Ijue faida yako halisi

Swali linalofuata ni gumu kuliko la madeni: unapata kiasi gani? Aliyejiajiri huwa na mazoea ya kujibu kwa kutaja mauzo. Mauzo si kipato. Aliyeuza vitu vya 600,000 kwa mwezi, vikiwa vimemgharimu 390,000 kuvinunua au kuvitengeneza, na akalipa 80,000 za pango, umeme na usafiri wa kazi, amebakiwa na 130,000. Akikumbuka kwamba zana zake zinachakaa na akatenga 10,000 kwa ajili ya matengenezo, faida yake ni 120,000. Nyumba na madeni yake vyote viwili vinapaswa kutoka kwenye hizo 120,000, wala si kwenye 600,000. Anayedhani ana 600,000 ataahidi marejesho ambayo hawezi kuyatimiza, kisha atayatoa kwenye zile 390,000 za bidhaa, na mwezi unaofuata atakuwa na bidhaa pungufu za kuuza. Kula mtaji hutokea hivyohivyo kidogokidogo, bila siku moja ambayo mtu angeweza kuionyesha kidole. Bandu bandu huisha gogo.

Kama hukuwa unaandika hesabu, anza leo na uandike kila kinachoingia na kila kinachotoka kwa siku 30, hata vile vitu vidogo vya kazi unavyonunua njiani. Tenganisha fedha za kazi na za nyumbani kwa njia yoyote inayowezekana: akaunti mbili, laini mbili za simu za malipo, au hata mikoba miwili. Kisha jilipe ujira maalumu kila wiki kutoka kwenye fungu la kazi kwenda kwenye fungu la nyumbani, nayo nyumba iishi kwa ujira huo. Kitendo hiki pekee huonyesha mambo mengi ambayo kabla yake yalikuwa gizani, ikiwemo jambo chungu ambalo wengine hulikuta, kwamba kazi yenyewe haina faida na kwamba miezi yote hiyo mikopo ndiyo iliyokuwa ikilisha nyumba. Ukikuta hivyo, tatizo la kwanza ni bei au aina ya kazi, na nitalieleza mbele.

Mtaji, kwa lugha nyepesi, ni kila kitu ambacho kikiondoka kesho, kazi ya wiki ijayo haitafanyika: bidhaa zinazotembea, zana unazozitumia, fedha ya kununulia malighafi, nauli ya kumfikia mteja. Hicho usikiguse. Lakini si kila kilichomo kwenye banda lako la kazi ni mtaji. Bidhaa iliyolala rafuni kwa miezi minane, mashine iliyoharibika ambayo hukusudii kuitengeneza, na mabaki ya malighafi yasiyo na kazi ni fedha iliyofungwa. Hivyo viuze, hata kwa bei ya chini, na fedha yake iende moja kwa moja kwenye deni lenye riba kubwa.

Zuia deni jipya

Kulipa deni moja kwa kuchukua jingine hutoa pumzi ya siku chache na kuongeza ada. Kuna hali moja tu ambapo jambo hilo lina maana: pale mkopo mpya unapokuwa na jumla ndogo ya malipo kuliko jumla iliyobaki kwenye mikopo ya zamani, ada zote zikiwa ndani, na pale unapoilipa na kuifunga ile ya zamani siku hiyohiyo. Rejesho dogo la kila mwezi si ushahidi kwamba mkopo mpya ni nafuu, maana huenda umerefushwa tu. Na kama mkopo mpya unadai nyumba au zana ziwe dhamana ya madeni ambayo hayakuwa na dhamana, mimi ningekataa, hata riba yake ingekuwa ya chini.

Mikopo ya simu inahitaji tahadhari ya pekee. Ondoa programu zake kwenye simu baada ya kuhifadhi taarifa za salio, ili ile dakika ya udhaifu saa nne za usiku isiwe na mlango wa kupitia. Kuondoa programu hakufuti deni, kwa hiyo deni hilo libaki kwenye daftari na kwenye zamu yake. Zaidi ya hapo, kwa kipindi hiki usimdhamini mtu. Kumdhamini mtu ni kukubali deni ambalo tarehe yake haijaandikwa.

Nani alipwe kwanza

Watu hupenda kuanza na anayepiga kelele zaidi. Kelele si kipimo. Kundi la kwanza ni madeni ambayo usipoyalipa yanakata riziki au paa: pango la nyumba na la mahali pa kazi, umeme wa mashine, leseni, kodi ya serikali, na mkopo ambao zana yako ya kazi ni dhamana yake. Haya hulipwa hata kama riba yake ni ndogo au haipo, kwa sababu yakishindikana hakuna kitakacholipa mengine.

Baada ya hapo, kila kiasi cha ziada kiende kwenye deni lenye riba kubwa kuliko yote huku mengine yakipewa kiwango cha chini kilichokubaliwa. Linganisha deni la 40,000 lenye riba ya asilimia 2 kwa mwezi na deni la 100,000 lenye riba ya asilimia 8. La kwanza linakula 800 kwa mwezi, la pili linakula 8,000. Wapo wanaoshauri kuanza na deni dogo kwa sababu kulimaliza kunatia moyo, nami siwapuuzi, kwa maana safari hii ni ndefu na moyo ni sehemu ya mtaji. Hata hivyo, ningefanya hivyo tu pale deni dogo linapoweza kuisha ndani ya mwezi mmoja au miwili na rejesho lake likahamia kwenye deni kubwa. Vinginevyo, kila mwezi wa kujitia moyo unalipiwa zile 8,000.

Madeni ya ndugu na marafiki hayana riba, na ndiyo maana huwekwa mwisho mpaka yanavunja undugu. Mfuate aliyekuazima, mwambie wazi hali ilivyo, na umpe kiasi kidogo kisichokatika, hata kikiwa kidogo kiasi cha kukutia haya. Wengi wao hawaumizwi na uchache wa malipo. Wanaumizwa na kukwepwa njiani na simu isiyopokelewa.

Lipa kwa fungu, si kwa tarehe

Hapa ndipo mpango wa aliyejiajiri unapoachana kabisa na wa mwenye mshahara. Badala ya kusubiri mwisho wa mwezi, gawanya kila malipo siku ileile yanapoingia. Kwanza rudisha mtaji, yaani gharama ya malighafi na usafiri wa kazi hiyo. Kinachobaki ndicho kigawanywe kwa asilimia ulizokwisha kuzipanga. Tuseme umelipwa 50,000 kwa kazi iliyokula malighafi ya 28,000 na nauli ya 2,000. Hizo 30,000 hurudi kwenye fungu la kazi bila mjadala. Zinabaki 20,000, ambazo unaweza kuzigawa hivi: 12,000 kwa nyumba, 5,000 kwa madeni, 2,000 kwa akiba ya dharura na 1,000 kwa kodi na matengenezo ya zana. Asilimia hizi, yaani 60, 25, 10 na 5, si sheria. Mwenye watoto wengi hataweza robo nzima kwa madeni, na anayeishi peke yake pengine ataweza theluthi. Lililo muhimu ni kwamba wiki mbaya inatoa kidogo, wiki nzuri inatoa kikubwa, na hakuna wiki inayovunja mpango.

Lakini wakopeshaji wengi wanataka kiasi maalumu na tarehe maalumu. Kwa ajili yao tumia mwezi wako wa chini kabisa, wala si wastani. Aliyepata faida ya 120,000, 60,000, 150,000, 75,000, 90,000 na 55,000 katika miezi sita ana wastani wa karibu 91,700. Akiahidi robo ya wastani huo, ameahidi karibu 22,900, na katika mwezi wa 55,000 ahadi hiyo itameza zaidi ya asilimia 41 ya kila alichopata. Akiahidi robo ya 55,000, yaani 13,750, atatimiza kila mwezi, na miezi minono atapeleka ziada. Kabla ya kupeleka ziada, uliza mambo mawili: kama kuna faini ya kulipa mapema, na kama ziada hiyo itapunguza deni la msingi, yaani kiasi ulichokopa bila riba, au itahesabiwa tu kuwa ni rejesho la mwezi ujao. Omba ipunguze deni la msingi, na uombe hivyo kwa maandishi.

Wapo watakaouliza kwa nini mtu anayedaiwa aweke akiba. Swali ni la haki, kwa sababu 20,000 zikikaa bure wakati deni linatozwa asilimia 5 kwa mwezi, zinakugharimu 1,000 kila mwezi. Jibu langu ni kwamba aliyejiajiri hana likizo ya ugonjwa yenye malipo. Homa ya siku kumi inamkatia kipato palepale, na asiye na akiba atarudi kwa mkopeshaji wa haraka au atauza zana. Zile 1,000 ndizo bei ya kutorudi huko. Anza na lengo la matumizi ya wiki moja, na ukilifikia, elekeza nguvu kwenye deni. Lengo la matumizi ya mwezi mmoja lisubiri mpaka madeni yenye riba kali yawe yameisha. Pia, kama kazi yako ina misimu, sehemu ya fedha za msimu iwekwe kwa ajili ya miezi ya ukame kabla hujaanza kulipa ziada, maana anayemaliza fedha zote kwa mkopeshaji msimu wa mavuno huwa mteja wake tena ukame ukianza.

Zungumza na wakopeshaji mapema

Siku ya kuzungumza na mkopeshaji ni kabla ya kuchelewa rejesho. Ukifika ukiwa hujachelewa, unaonekana ni mteja anayepanga. Ukifika baada ya miezi mitatu ya kutopokea simu, unaonekana ni mtoro, hata kama hali yako ni ileile. Nenda na ukurasa wa mapato ya miezi sita na orodha ya madeni yako, kisha pendekeza kiasi unachoweza kukitimiza. Unaweza kuomba faini zisimame, riba ipunguzwe, marejesho yafuate msimu wa kazi yako, au muda uongezwe. Ujumbe wa maandishi unaweza kuwa mfupi kama huu:

"Ndugu Meneja wa Mikopo, nina mkopo kwenu wenye salio la 84,000, na rejesho langu ni 18,000 kwa mwezi. Kazi yangu imepungua, na mapato yangu ya miezi sita nimeyaambatanisha. Naomba rejesho liwe 9,000 kwa mwezi kwa miezi sita kuanzia tarehe moja ya mwezi ujao, na katika kipindi hicho faini za kuchelewa zisitozwe. Mapato yakiongezeka nitalipa zaidi bila kuombwa. Naomba jibu lenu kwa maandishi."

Uangalie kwa makini muda unaoongezwa. Ule mkopo wa 120,000 kwa asilimia 2 ya salio linalopungua, ukirefushwa kutoka miezi 12 hadi 24, rejesho linashuka kutoka takriban 11,350 hadi takriban 6,350, lakini riba yote inapanda kutoka takriban 16,200 hadi takriban 32,300. Kurefusha ni sahihi pale ambapo njia nyingine ni kuuza zana. Si sahihi kwa ajili ya kujipa raha. Na mkopeshaji akikubali upunguze deni kwa kulipa sehemu na kusamehewa iliyobaki, usitoe hata senti kabla ya kupokea barua inayosema kwamba malipo hayo yanafunga deni lote.

Kuna hali ambayo nidhamu peke yake haiwezi kuitibu, na ni vizuri kuitambua mapema. Deni la 200,000 kwa riba ya asilimia 6 kwa mwezi linazaa 12,000 kila mwezi. Ikiwa uwezo wako wote ni 9,000, unaweza kulipa bila kukosa kwa miaka mingi na deni likawa kubwa kuliko lilivyoanza. Hapo huhitaji kujibana zaidi. Unahitaji riba ipunguzwe, sehemu isamehewe, au utaratibu wa kisheria wa mtu asiyeweza kulipa madeni yake, ambao upo katika nchi nyingi kwa majina na masharti tofauti. Tafuta msaada wa kisheria au mshauri wa madeni asiyelipwa na wakopeshaji. Muulize pia kuhusu madeni ya zamani sana: katika nchi nyingi sheria inaweka ukomo wa miaka ya kudai deni mahakamani, na mara nyingi malipo madogo au barua ya kukiri deni huuanzisha ukomo huo upya, kwa hiyo pata ushauri kabla ya kulipa au kuandika chochote.

Vitisho vya jela huwafanya watu wauze kila walicho nacho kwa siku moja. Ibara ya 11 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966 inasema kwamba mtu hatafungwa kwa sababu tu ya kushindwa kutimiza wajibu unaotokana na mkataba. Udanganyifu, hundi isiyo na fedha na kukaidi amri ya mahakama ni mambo mengine, na wito wa mahakama usiupuuze kamwe. Lakini mkusanya madeni anayetukana, anayewapigia simu jamaa zako kukuaibisha, au anayekuja usiku kutisha, anaandikwa tarehe, saa na maneno aliyosema, na anapelekwa kwenye mamlaka inayosimamia wakopeshaji.

Ongeza kinachobaki

Kupunguza matumizi ya nyumbani nitakupitia kwa haraka, kwa sababu mwenye kipato kidogo alikwisha kupunguza zamani, na mwili unaofanya kazi ya mikono hauwezi kulishwa nusu. Fedha kubwa zaidi kwa kawaida imo ndani ya kazi yenyewe.

Anza kwa kulinganisha unachodaiwa na unachowadai wateja wako. Ikiwa unadaiwa 70,000 zenye riba na wateja wako wana 90,000 zako mikononi, maana yake unakodi fedha kwa riba halafu unawaazima wengine bure. Waandikie ankara, wakumbushe kwa heshima kila wiki, na wakubalie walipe kwa mafungu. Kwa kazi mpya, omba arbuni inayotosha angalau kununua malighafi, ili usiwe unafadhili kazi ya mteja kwa mkopo wako. Mteja atakayekataa kutoa arbuni yoyote pengine ndiye yule ambaye angekusumbua mwishoni.

Kisha tazama bei. Wengi wetu hatuuhesabu muda wetu, tunahesabu malighafi na kuongeza kidogo. Kitu kinachokugharimu 8,000 na kuuzwa 10,000 kinakupa 2,000. Ukikiuza 11,000, bei imepanda kwa asilimia 10 lakini faida imepanda kwa asilimia 50. Aliyekuwa akiuza vitu 30 alipata 60,000. Kwa bei mpya atazipata zilezile akiuza 20, na akiuza 25 atapata 75,000. Kwa hiyo, woga wa kupoteza wateja wachache usikuzuie kufanya hesabu hii kwa kila bidhaa, ukianza na ile inayokuchukua muda mwingi na kukuachia kidogo. Nyongeza yoyote inayopatikana igawanywe kwa asilimia zilezile, la sivyo itayeyuka kwenye matumizi kabla hujaiona.

Mshirikishe pia mwenzi wako au mtu mzima unayeishi naye. Mpango wa mafungu hauwezi kudumu ikiwa mmoja anajua fungu la madeni ni la nini na mwingine anaona ni fedha iliyokaa tu.

Deni linapoisha

Siku ya rejesho la mwisho usiondoke na risiti peke yake. Omba barua inayosema kwamba mkopo umefungwa na salio ni sifuri, chukua hati ulizoweka dhamana, na sitisha idhini yoyote ya kukata fedha moja kwa moja kwenye akaunti yako. Mahali ambapo kuna ofisi ya kumbukumbu za mikopo, subiri wiki chache kisha uombe taarifa yako na kuhakikisha deni limeandikwa kuwa limelipwa. Rejesho la deni lililoisha lihamie kwenye deni linalofuata wiki hiyohiyo, na madeni yote yakiisha, fungu lile la madeni liendelee kutengwa kama kawaida, sasa likijenga mtaji wako mwenyewe, ili malighafi ya msimu ujao inunuliwe kwa fedha isiyo na riba. Kama ulikuwa na mdhamini, mpelekee nakala ya barua ya kufunga mkopo siku ileile, ajue kwamba jina lake limetoka.